Njia Inayopita Milangoni mwa Watu

"Hivi Mama Glory, kutembea nako kunapangwa?"

Swali hilo aliliuliza Mwajuma, jirani yake Efrazia, asubuhi moja ya mwezi wa sita. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, akamkuta mwenzake jikoni amekaa kwenye kigoda, daftari la shule mapajani, anachora nyumba. Wala si nyumba moja. Zilikuwa nyumba kumi na moja, zimefuatana ukurasani kama kuku wanaorudi bandani, na kati ya nyumba na nyumba ameandika maneno madogo madogo: choo kipo, kivuli hakuna, mbwa mkali, maji mazuri ya kunywa.

"Kunapangwa," alijibu Efrazia bila kuinua kichwa.

"Kwenda wapi?"

"Kwemani."

"Kwemani hii hii ya juu? Mtoto wa darasa la tatu si anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana?" Mwajuma akainama juu ya daftari. "Na hapa umeandika siku mbili."

"Ndiyo. Siku mbili."

Mwajuma alichukua chumvi yake akaondoka anacheka, na kabla jua halijazama kitongoji kizima kilikwisha kujua kwamba Mama Glory amepanga kulala njiani akienda Kwemani.

Kwemani ni malisho yaliyo juu ya vitongoji vyote vya upande ule wa Lukozi. Unapanda mashamba ya karoti na kabichi, unapita msitu, kisha miti inaachia ghafla na mbele yako ni majani mafupi mpaka macho yachoke, na maua madogo ya njano yaliyolala chini kwa kuogopa upepo. Baridi ya huko haina mchezo. Ukungu unakaa mpaka saa tatu, na siku nyingine unakaa tu mpaka uamue wenyewe. Zamani familia zilipeleka ng'ombe huko, na Efrazia na dada yake Yunis walikua wakichunga pamoja na mama yao. Palikuwa na jiwe moja kubwa pembeni mwa malisho. Mama alikaa pale akisuka mikeka, na akitaka kuwaita hakuita majina. Alipiga mbinja mbili, nao walijua.

Yunis aliolewa Mnazi, huko chini kwenye joto, na akawa mtu wa tambarare. Mama yao alipofariki, Yunis alipanda kuzika akashuka. Hakufika Kwemani tena. Sasa ana miaka sitini na mitatu, na magoti yake huvimba akisimama sana. Kwenye zahanati wamemwambia atembee, ila asikimbilie kitu. Mwaka jana alimpigia mdogo wake simu akasema, "Nataka nikakae pale kwenye jiwe la mama kabla magoti hayajanikataa kabisa. Unipeleke."

Efrazia akafurahi, akasema, "Njoo tu, dada." Hapo ndipo alipokosea, maana hakuwaza zaidi ya hilo njoo.

Lazima ieleweke Efrazia ni mtu wa namna gani. Ana miaka hamsini na mitano, mwembamba, na shingo yake imenyooka kwa sababu tangu akiwa na miaka kumi amebeba vitu kichwani. Amebeba karoti kupeleka gulioni Lukozi, amebeba kuni, amebeba matofali ya kigango chao yalipohitajika. Mtu wa mzigo ana njia yake. Hataki njia ndefu inayozunguka taratibu. Anataka fupi, hata kama imesimama kama ngazi, kwa sababu mzigo unaongeza uzito kadiri unavyokaa nao. Ndiyo maana njia nyingi za huko zinakata mlima moja kwa moja, kutoka bondeni hadi juu, bila kona. Na watu wa njia hizo wana neno lao moja ambalo limewatesa wageni wengi. Ukiwauliza kumebaki kiasi gani, wanasogeza kidevu kuelekea juu na kusema, "Hapo tu." Si kwamba wanadanganya. Mtu aliyepita njia tangu yuko mgongoni mwa mama yake haoni tena urefu wake.

Basi Efrazia alimpitisha dada yake njia ya mzigo. Yeye mbele, Yunis nyuma, na hawakupita nyumba hata moja.

"Bado?" Yunis aliuliza.

"Hapo tu, dada."

Wakapanda. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu sauti yake ilitoka kwa kuvuta pumzi, na Efrazia, akidhani anamtia moyo, akasema, "Hapo tu, nyuma ya ile miti." Nyuma ya ile miti palikuwa na miti mingine.

Mara ya nne Yunis hakuuliza. Alikaa chini katikati ya njia, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti.

"Efrazia," akasema, "hiyo hapo tu yako imenichosha kuliko mlima."

Wakarudi. Yunis alishuka kwa kuegemea bega la mdogo wake, na alipofika nyumbani alisema neno moja tu: "Usinitajie tena habari za Kwemani." Kesho yake alipanda gari la asubuhi kabla hata chai haijachemka. Tangu siku ile simu zao zikawa fupi. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, haya kwa heri. Efrazia alikuwa akiweka simu chini na kubaki ameitazama. Kila Jumapili alimtaja dada yake mbele za Mungu, na hakuomba makubwa. Aliomba tu aonyeshwe njia ya kutengeneza alichokiharibu.

Na njia alionyeshwa, ila si kanisani. Alionyeshwa msibani.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama mkwe wa Zuhura alifariki. Nyumba ya Zuhura ndiyo ya mwisho kabla ya msitu, kitongoji cha juu kabisa. Efrazia na Mwajuma walitoka pamoja kwenda kutoa pole. Mwajuma ni mama mnene, mcheshi, ambaye kwenda dukani tu hunung'unika njia nzima. Na mtu anayekwenda msibani hakati njia. Anapita milangoni mwa watu, kwa sababu si adabu kupita uani mwa mtu kimya kimya na jambo kama lile, na tena huenda mwenye nyumba naye yuko tayari mfuatane.

Kwa hiyo walisimama kila nyumba. Na salamu ya milimani si kitu cha kurusha ukipita. "Onga maundo" ya asubuhi ni kufungua mlango tu. Baada ya hapo unaulizwa nyumbani, watoto, shamba, yule aliyekuwa anaumwa, yule aliye Tanga, na mwisho ng'ombe. Ng'ombe wa Mwajuma alikufa miaka mitatu iliyopita, lakini kila alipoulizwa alijibu, "Hajambo," maana kueleza kifo chake kungeanzisha pole nyingine. Nyumba moja wakapewa kigoda. Nyingine wakapewa maji. Nyingine pichesi mbili mbili.

Walipofika kwa Zuhura, Efrazia aligeuka kumsubiri Mwajuma, akamkuta yuko nyuma yake hapo hapo, hahemi. Juu ya paa la Zuhura, kati ya miti, ulionekana ukingo wa majani ya Kwemani. Efrazia alisimama uani akimtazama jirani yake miguuni, muda mrefu, hadi Mwajuma akanong'ona, "Vipi, kanga yangu imechanika?"

"Haijachanika," alisema Efrazia. "Umechoka?"

"Nichokee nini? Tumekuja tunaongea."

Ndiyo maana ya daftari. Efrazia aliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu aliishika kwa mambo ya jumuiya tu, lakini sasa aliandika kama mwanafunzi wa mtihani. Alipanda njia ile peke yake mara nne. Saa hana, kwa hiyo alipima kwa rozari: kati ya mlango na mlango pasizidi makumi mawili ya sala. Palipozidi, alitafuta nyumba nyingine, hata kama ilibidi kuzunguka shamba zima la kabichi. Aliandika wapi kuna jiwe la kukalia, wapi matope, wapi mtelezo unahitaji fimbo. Aliandika waanze saa mbili na nusu, jua likiwa limeshapasha njia kidogo. Aliandika sweta mbili kila mtu, raba na soksi, kanga ya kufunga kichwa, uji wa kwenye chupa ya chai, viazi vya kuchemsha. Aliandika walale kwa Zuhura, kisha asubuhi wamalizie msitu wakiwa wapya.

Na kila nyumba aliingia kuomba ruhusa. Hapo ndipo alipopata asichokitafuta. Kwa Mzee Ismaili, nyumba ya tatu, alieleza safari nzima, na mzee akauliza jambo moja tu: "Yunis? Yule aliyekuwa anaimba akichunga? Bado yupo?"

"Yupo, baba. Yuko Mnazi."

"Na hata kunisalimia hajaja. Mlete."

Hivyo hivyo nyumba ya tano. Hivyo hivyo kwa Zuhura.

Lilibaki tatizo moja. Baada ya Zuhura hakuna nyumba. Ni msitu, ambamo njia zote mbili zinakutana, makumi matano kamili mpaka majani, na katikati yake ndipo pale Yunis alipokaa chini mwaka jana. Efrazia alikaa na tatizo hilo juma zima. Mwishowe akaenda kwa Mwajuma.

"Nina ombi. Siku hiyo ya pili, utangulie alfajiri, ukakae kwenye chemchemi ya msituni."

"Nikafanye nini?"

"Ukae tu. Sisi tukipita, utusalimie."

Mwajuma alimwangalia. "Nyumba zako zimekwisha, sasa unataka mimi niwe nyumba."

"Uwe mlango tu."

"Mama Glory, wewe ni mgonjwa," alisema Mwajuma. Kisha akauliza, "Kwenye hiyo chemchemi kuna mahali pa kukaa mtu mwenye mwili?"

Simu kwa Yunis ilikuwa ngumu kuliko yote. Efrazia hakutaja Kwemani. Alisema, "Shikamoo dada. Mzee Ismaili anakulaumu. Anasema hujawahi kwenda kumsalimia. Na Zuhura amefiwa na mama mkwe wake, hujatoa pole."

"Hao wote wako juu," alisema Yunis.

"Wako juu, lakini njia yao si ile ya mwaka jana."

"Mimi sipandi mlima, Efrazia."

"Hupandi, dada. Unakwenda kusalimia watu."

Alikuja. Alikuja na mwenzake wa jumuiya, Scholastica, mwanamke wa Mnazi ambaye hajawahi kukanyaga mahali palipoinuka zaidi ya ngazi za kanisa lao, naye amevaa yeboyebo. Efrazia alikuwa amewaza hata hilo. Raba za binti yake Glory zilikuwa zinasubiri mlangoni.

Siku ya kwanza ilianza vizuri. Mwajuma aliwasindikiza mpaka nyumba ya pili, akaaga kama mtu asiyejua lolote. Nyumba ya tatu Mzee Ismaili alipokea shikamoo zake moja moja, kwa mpangilio wa umri, kisha akamgeukia Yunis. "Ng'ombe wenu alikula maharage yangu mwaka ule. Nimekaa nakusubiri uje uombe radhi."

"Nisamehe, baba. Nilikuwa nalala."

"Ulikuwa unaimba. Ningejua unalala nisingekasirika."

Scholastica alicheka mpaka akafuta machozi, na mzee akawaongezea chai. Walikaa pale kiasi ambacho mtu wa mzigo angekuwa amefika gulioni na kurudi. Yunis hakuuliza "bado" hata mara moja. Angeuliza bado nini? Hakukuwa na kufika, kulikuwa na nyumba ya Fulani, na baada yake nyumba ya Fulani.

Shida ikaja nyumba ya saba, kwa Clemence. Kutoka ya sita mpaka pale ndipo njia inapokaza, na Yunis alikuwa ameanza kuweka mkono kiunoni. Efrazia aliiona ile pumzi ya mwaka jana inarudi. Akainua macho kuutazama mlango wa Clemence, akaona kufuli. Watu wa nyumba ile walikuwa wamekwenda shambani kuvuna karoti, wamesahau kabisa kama ni leo. Na Yunis si mtu wa kusema nimechoka. Angetembea mpaka aanguke, au angegeuka arudi Mnazi, lakini kusema asingesema.

Efrazia alikwenda mlangoni akasimama wima, akapiga hodi.

Hodi hupigwa mara tatu, na kati ya moja na nyingine unampa mwenye nyumba nafasi ya kujifunga kanga. Efrazia alitoa nafasi ya kumvalisha bibi harusi. Kuku walipita. Scholastica aliangalia raba zake. Yunis alijishusha polepole kwenye gogo la barazani. Efrazia akapiga ya pili, akasimama tena, uso kwa kufuli, mgongo kwa dada yake.

"Efrazia."

"Abee, dada."

"Kufuli linaonekana toka hapa."

"Naliona, dada."

"Na bado unapiga hodi."

Efrazia alisema tu, "Huenda wako karibu."

Yunis alinyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Alitazama bondeni, kwenye nyumba zote walizopita, moshi unatoka huku na huku, kwa Mzee Ismaili kule chini padogo kama kiberiti. Alikaa hivyo akimtazama mdogo wake aliyesimama kwa ajili yake mbele ya mlango uliofungwa.

"Basi piga ya tatu," alisema. "Lakini usiharakishe."

Walipoinuka, Yunis alishika mkono wa Efrazia, na hakuuachia mpaka nyumba ya nane.

Kwa Zuhura walitoa pole, wakala makande, wakalala mapema. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, wakaungoja kama daftari lilivyosema. Msituni Yunis alitembea akigonga fimbo yake. Walipokaribia pale alipokaa chini mwaka jana, aliuliza bila kugeuka, "Na huku atatusalimia nani?"

Mwajuma alikuwa amekaa juu ya kisiki kando ya chemchemi, amejifunika blanketi, chupa ya chai miguuni, amekunja uso kwa baridi. Alipowaona alijinyoosha kama mwenye nyumba.

"Karibuni. Shikamoo dada Yunis. Habari za huko mtokako?"

"Marahaba. Nzuri."

"Mmelalaje? Watoto? Shamba?" Ni jana tu waliagana, lakini hakuruka hata moja. "Na ng'ombe?"

"Hawajambo," alisema Yunis. Akakaa kwenye ncha ya kisiki iliyobaki. "Afadhali wewe huna kufuli."

Walimaliza chai yote. Mwajuma, aliyeapa kwamba yeye anaishia pale pale kwenye chemchemi, alijikuta anafuatana nao kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha. Basi wakatoka msituni wanne, na majani yakafunguka mbele yao, yana umande, na ukungu unajikunja kuelekea upande wa pili.

Jiwe lilikuwepo. Yunis alilizunguka, akaligusa, akakaa.

"Limekuwa dogo," alisema.

Scholastica alikwenda kuchuma maua. Baada ya muda Yunis alijaribu kupiga mbinja, ikatoka hewa tupu, akajaribu tena ikatoka. Efrazia, aliyekuwa mbali kidogo akitoa viazi kwenye kikapu, aliinuka na kwenda mbio kabla hajajua anakwenda. Alipofika wakaangaliana, watu wazima wawili, na Efrazia akapiga ishara ya msalaba.

Ukungu ulipoisha, nchi ya chini ilionekana yote, kahawia, inatetemeka kwa joto.

"Mnazi ni wapi pale?" aliuliza Yunis.

Efrazia alisogeza kidevu. "Hapo tu."

Yunis alicheka mpaka akakohoa, na Mwajuma ikabidi ampige mgongo.

Habari zilishuka mlimani haraka kuliko wao. Scholastica aliwaambia wa jumuiya, wa jumuiya wakawaambia wengine. Mpaka mwezi wa tisa Efrazia alikuwa amepokea walimu wanne wa Mnazi, mama mmoja aliyetoka hospitali, na mzee ambaye hakuwa amepanda mlima tangu ujana wake. Wote walikuwa wageni wa mlima, na wote walifika. Daftari limekwisha kurasa, ameanza jingine.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji alipolileta jambo hilo mkutanoni. Mmoja alisema ijengwe alama ya kuonyesha njia. Mwingine alisema vijana wafyeke ile njia ya mkato, wageni wafike upesi, waone wanachokuja kuona. Clemence, ambaye mpaka leo hajamaliza kuomba radhi kwa lile kufuli, alisema yeye ataacha funguo kwa jirani. Mwishowe mwenyekiti akauliza, "Sasa Mama Glory mwenyewe, unaomba kitongoji kikusaidie nini?"

Efrazia aliinuka, daftari kwapani. Si mzoefu wa kusema mbele za watu, na alishika ncha ya kanga yake kwa vidole viwili.

"Shikamooni wakubwa wangu," alisema. "Mimi naomba kimoja tu. Mkituona tunakuja na wageni, msitusalimie haraka haraka. Tuulizeni mpaka ng'ombe."